Jina la Mnyama Ukutani: Maelezo juu ya Sanaa ya Hadharani na Hifadhi ya Viumbe Kisiwani Unguja

Atokaye mjini Unguja akashika njia ya Mahonda kuelekea kaskazini hufika Mkokotoni, mji mdogo unaotazamana na kisiwa cha Tumbatu. Hapo pana soko la samaki, pana ofisi za serikali, na pana pwani ambapo mashua hupakia watu na vyakula kwenda Gomani na Jongowe. Wachunguzi wa mambo ya kale wanapajua kwa sababu nyingine: ardhi yake imejaa shanga za kioo na vigae, mabaki ya zama ambazo Tumbatu ilikuwa na mji wa mawe, na habari zake zilifika mbali hata Yaqut al-Hamawi, aliyefariki mwaka 1229, akaitaja katika kitabu chake cha nchi.

Wako wadhanio kuwa jina Mkokotoni limetokana na mkoko, mti wa pwani. Muundo wa neno haukubali. Mkoko ukitiwa -ni hutoa mkokoni, wala silabi -to- haina pa kutokea. Mimi naona asili yake ni mkokoto, yaani alama iachwayo na kitu kilichokokotwa juu ya ardhi, kama vile chombo kinachovutwa pwani, au wavu. Alama ya namna hiyo hiyo huachwa mchangani na kasa apandapo usiku kutaga mayai. Sisemi kwamba mji uliitwa hivyo kwa ajili ya kasa. Lakini nilipokuwa nikiandika haya neno hilo halikunitoka akilini.

Mwalimu mmoja wa huko alinijia na swali. Yeye na vijana wa mtaa wake walikuwa wamepewa ukuta mrefu karibu na pwani, wakataka kuupaka picha za viumbe wa baharini, ili wavuvi wawahurumie na wageni waendao Nungwi wasimame kutazama. Picha alikwisha kuzichagua. Alichotaka kwangu ni maneno ya kuandika chini yake, na alikuja na karatasi iliyotafsiriwa kutoka katika maandishi ya kigeni, isemayo: Tuhifadhi bayoanuwai ya bahari kwa maendeleo endelevu ya utalii. Nilimwuliza ni nani katika soko la Mkokotoni asemaye hivyo. Akacheka.

Kicheko kile ndicho kilichozaa makala haya. Nataka kuonyesha kwamba katika kisiwa cha Unguja sanaa ya hadharani tangu zamani ni sanaa ya maneno kwanza, na picha hufuata; na kwamba mara nyingi kilichomwokoa mnyama, au kumwangamiza, ni jina alilopewa na habari iliyofungamana na jina hilo. Wale wapakao kuta leo huanza na picha, kisha hutafuta maneno kama mtu atafutaye kifuniko cha chungu.

Sanaa ya hadharani ya kale kuliko zote kisiwani ambayo tarehe yake twaijua ni maandishi. Katika msikiti wa Kizimkazi Dimbani, katika jiwe la matumbawe, mmechongwa maneno kwa hati ya Kikufi, na humo umetajwa mwaka 500 wa Hijra, sawa na 1107. Kwa kuwa mapambo ya Kiislamu huepuka sura za viumbe wenye roho, mchongaji wa pwani alijizoeza kuzificha. Tazama milango ya mjini, ambayo F. R. Barton aliieleza mwaka 1924: chini ya miimo mara nyingi yuko samaki, lakini magamba yake yamekuwa kama majani na mkia wake kama ua, hata mpita njia asiyeambiwa hamtambui. Waongozaji wa wageni wana maelezo tayari juu ya kila alama ya mlango, samaki ni uzazi, mnyororo ni ulinzi, na kadhalika. Sijaona ushahidi wa kutosha wa maelezo hayo, nami nashuku kwamba baadhi yake yamezaliwa baada ya wageni wenyewe.

Vyombo vya bahari navyo vilikuwa na sura zao. Mtepe, chombo kile cha kushonwa kwa kamba, ulichorwa macho omoni, kana kwamba chombo ni kiumbe kinachotazama njia yake. Mfano wake ulijengwa mwaka 2003 katika Beit al-Ajaib mjini Unguja, jumba ambalo sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020. Ukale wa vyombo vya kushonwa hauna shaka. Kitabu cha Periplus, kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza, chasimulia juu ya kisiwa cha Menouthias, chenye vyombo vya kushonwa, na kasa, na watu wavuao kwa vikapu vya kusukwa, ambavyo mtu wa Tumbatu atavitambua mara moja kuwa ni madema. Wataalamu hawajapatana kama kisiwa hicho ni Unguja, Pemba au Mafia. Lakini katika kitabu hicho hicho magamba ya kasa yametajwa miongoni mwa bidhaa za pwani hii, na kwa hiyo habari ya kwanza iliyoandikwa juu ya kasa wetu ni habari ya biashara. Aliyekuwa na gamba la thamani ni ng'amba. Jambo hili tutalirudia.

Kanga yaonyesha hoja yangu kwa uwazi zaidi. Nguo hii ilitokea katika nusu ya pili ya karne ya kumi na tisa, leso zilipounganishwa kuwa vazi moja. Na jina lake, kama wengi wasemavyo, latokana na ndege kanga, kwa madoa meupe yaliyotapakaa katika nguo za kwanza kama manyoya yake. Mnyama alikuwamo katika nguo, basi, kabla ya picha yake kuchapwa. Baadaye, katika karne ya ishirini, yakaingia maneno, kwanza kwa hati ya Kiarabu, kisha kwa hati ya Kirumi. Msomaji azingatie kwamba maneno hayo huitwa jina la kanga. Mwanamke dukani hakubali kununua mpaka ajue jina lasemaje, hata kama ua lake linapendeza. Kwani akiivaa, nguo hiyo itasema mbele za watu kwa niaba yake. Sijui sanaa nyingine duniani ambayo picha yake hukataliwa namna hii kwa sababu ya maneno.

Sasa tuyatazame majina ya wanyama wenyewe. Wasomaji wa zamani watakumbuka orodha ya R. H. W. Pakenham ya majina ya Kiswahili ya ndege na wanyama wa Unguja na Pemba, iliyotolewa mwaka 1959 katika jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Ni kazi ya afisa wa serikali aliyependa viumbe na aliyesikiliza vizuri. Aliyasikiliza majina kwa makini. Hukumu iliyomo ndani ya majina hayo hakuifanya kuwa shughuli yake.

Chukua chui. Chui wa Unguja, ambaye Pocock alimpa jina la kisayansi mwaka 1932, alikuwa mdogo kuliko wa bara na madoa yake yalikuwa madogo na mengi. Martin Walsh na Helle Goldman wameeleza kwa urefu jinsi watu wa shamba walivyowagawa chui mafungu mawili: yule wa mwituni, na chui wa kufugwa, yaani anayemilikiwa na mchawi akatumwa kudhuru watu na mifugo. Sifa hii ya kufugwa ndiyo iliyomwua. Baada ya mapinduzi ya 1964 ilifanywa kampeni ya kuwasaka chui pamoja na wale waliodhaniwa kuwa mabwana zao, na kufikia miaka ya 1990 wachunguzi walikuwa wamekata tamaa ya kumwona akiwa hai. Mwaka 2018 watengenezaji wa filamu ya televisheni kutoka Marekani walitoa picha iliyonaswa usiku, wakasema ni yeye. Habari hiyo haijathibitika. Chui ambaye watu wengi wa Unguja wamepata kumwona kwa macho ni yule aliyekaushwa na kuwekwa katika jumba la makumbusho. Naye alikaa humo miaka mingi, watoto wa shule wakipita mbele yake na kumwogopa, wakati ndugu zake porini wakimalizwa. Kama picha au sanamu peke yake ingeweza kumhifadhi mnyama, huyu angehifadhika.

Kinyume chake ni kima punju, na hapa nitakaa zaidi, kwa sababu kisa chake hakijaisha. Mnyama huyu hapatikani kwa asili mahali pengine popote duniani ila Unguja. Gray alimweleza mwaka 1868, akampa jina la John Kirk, tabibu na balozi wa Kiingereza hapa kisiwani. Wageni humwita kwa rangi yake nyekundu. Jina la mwenyeji ndilo pekee lenye hukumu ndani yake, kwani punju ni sumu. Ilisemwa kwamba nyama yake haifai, kwamba mbwa amlaye hunyonyoka manyoya, kwamba mti anaoukalia hudhoofika. Jina kama hili lina pande mbili. Kwa upande mmoja lilimkinga, maana nani atakula sumu? Kwa upande wa pili lilimfanya achukiwe, na mkulima aliyemkuta katika minazi yake hakuona haya kumpiga. Wakulima walilalamika kwamba anamaliza nazi changa. Siex na Struhsaker walilichunguza jambo hili, na mwaka 1999 wakaeleza kwamba pale kima walipokula nazi changa kwa wingi, mavuno hayakupungua. Kula kwao kulikuwa kama kupunguza matunda ili yaliyosalia yanenepe.

Mwaka 1995 ulianza mpango wa hifadhi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, na mwaka 2004 mahali hapo pakatangazwa kuwa hifadhi ya taifa, ya kwanza Unguja. Sehemu ya fedha za wageni ilipelekwa kwa vijiji vya jirani na kwa wakulima ambao kima hula mashambani mwao. Katika barabara ipitayo msituni yaliwekwa matuta ya kupunguza mwendo wa magari, pamoja na mabao yenye picha ya kima. Idadi ya kima waliogongwa ilipungua sana, na sifa hiyo naipa matuta kabla ya mabao; dereva wa daladala huliona tuta hata asipopenda. Hesabu kamili iliyochapishwa mwaka 2019 ilionyesha kwamba kisiwa kina kima zaidi ya 5,800, mara tatu ya walivyokisiwa zamani.

Je, jina libadilishwe? Nimewahi kusikia pendekezo hilo katika mkutano mmoja: kwamba neno punju lifutwe katika mabao yote, mnyama apewe jina zuri. Nililipinga na ningali nalipinga. Nilipowauliza vijana wa Pete maana ya punju, wengi walijibu kwamba punju ni huyo kima, sumu hawakuitaja. Neno limechakaa upande wake mbaya kwa kutumika, kama maneno yafanyavyo siku zote, na lililobaki ni jina tupu la jirani ambaye sasa huleta fedha za shule na kisima. Wazee wao bado wanajua sumu iliyokuwamo. Jina jipya la ubaoni lingekuwa geni kwa wote wawili.

Kizimkazi, upande wa kusini, pomboo waliwindwa ili nyama yao iwe chambo cha papa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walianza kuja wageni wenye kutaka kuwaona na kuogelea nao, na mvuvi aliyekuwa na chusa akawa nahodha wa kuwapeleka. Picha za pomboo zilijaa katika mabao ya barabarani baada ya hapo, si kabla. Picha ilikuwa tangazo la jambo lililokwisha badilika. Nalo lina ila yake, kwani mashua zikizidi huwafukuza na kuwachosha pomboo wale wale.

Ila kisa cha Misali, kisiwa kidogo upande wa magharibi wa Pemba, ndicho kinipendezacho kuliko vyote. Wavuvi husimulia kwamba Nabii Khidhri alifika hapo akaomba msala wa kusalia. Haukupatikana, naye akasema kisiwa chenyewe ndicho msala wake. Mwanaisimu anaweza kubishana juu ya njia ya kutoka msala hadi Misali, lakini mvuvi habishani. Kisiwa kilipotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1998, sheria ilipata taabu kusikilizwa. Baadaye waliohusika waliyachukua mafundisho ya Qurani juu ya uangalizi wa viumbe, yakasomwa na kuzungumzwa misikitini na madrasani. Habari ilikuwa tayari imo ndani ya jina la mahali. Waliotumwa kuhifadhi hawakuwa na la kubuni, ila kusikiliza.

Nikirudi mjini Unguja nakutana na hali nyingine kabisa. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, kuta na vibaraza vimefunikwa na picha za tingatinga. Sanaa hii alianzisha Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, mjini Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za duka na mbao za bei nafuu, naye akafa kwa risasi ya polisi kwa makosa mwaka 1972. Ni sanaa ya furaha, wala sina ugomvi nayo. Lakini wanyama wake wanaouzwa Unguja ni simba, twiga, tembo na punda milia, ambao mgeni hatakutana na hata mmoja wao kisiwani. Kima punju, paa nunga na ng'amba ni haba mno. Mtu aweza kunijibu kwamba punda milia si mgeni hapa, maana mifupa yake imefukuliwa katika Pango la Kuumbi, ya zama za barafu ambapo bahari ilikuwa imeshuka na Unguja ikaungana na bara. Nakubali. Walakini mchoraji wa Mji Mkongwe hakumchora kwa sababu hiyo.

Jaribio kubwa la sanaa ya kuhifadhi bahari katika pwani yetu siku hizi lilikuja kwa chombo. Lamu, tarehe 15 Septemba 2018, lilishushwa majini jahazi dogo lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa, ambayo uzito wake ulifika tani kama 10. Ubavu wake ulifunikwa kwa vipande vya ndara 30,000 za rangi mbalimbali zilizotupwa ufukweni. Fundi wake mkuu alikuwa Ali Skanda wa Lamu. Tangu tarehe 24 Januari hadi 7 Februari 2019 lilisafiri kama kilomita 500 kutoka Lamu hadi mjini Unguja, likitua bandari kwa bandari, watoto wakilipanda na wazee wakiligonga kwa vidole wasiamini. Kwa sanaa, ni kazi ya ajabu: rangi zake hazikupakwa, ndizo takataka zenyewe, na fundi alitumia kanuni za uundaji alizorithi. Unguja ilikuwa imekwisha piga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2006, na Tanzania Bara ikafuata mwezi Juni 2019.

Jina la chombo ni Flipflopi. Ni neno la Kiingereza la ndara lililotiwa irabu mwishoni kama kawaida ya maneno ya kukopa, nalo halikosi utani wake. Lakini pwani hii ina ndara, ina malapa, ina kandambili. Na neno hili la mwisho, kwa jinsi lihesabuvyo kanda zake mbili, ni picha kamili lenyewe. Kama jahazi lingeitwa Kandambili, nadhani kila mwenye kuziacha ufukweni angejiona ametajwa. Wenye chombo walikuwa na ulimwengu mzima wa kuusemesha, na kila mtu huchagua amsemeshaye. Ndivyo nilivyomweleza mwalimu wa Mkokotoni: ukuta wako wamsemesha nani? Kama ni mgeni aendaye Nungwi, picha yatosha, na karatasi yako haidhuru. Kama ni mvuvi wa Tumbatu ashukaye sokoni alfajiri, mwulize yeye.

Akamwuliza. Nilikuwapo siku moja mchoraji alipokuwa juu ya ngazi, akimaliza kasa mkubwa, mzuri, aliyenakiliwa kutoka katika kitabu, na chini yake ameandika NG'AMBA kwa herufi nyekundu. Mzee mmoja aliyekuwa akishona dema kivulini alimtazama kwa muda, kisha akauliza, "Mwanangu, huyu ni nani?" Mchoraji akamwamkia shikamoo na kusema ni ng'amba. Mzee akasema si yeye. Ng'amba, akaeleza, mdomo wake umepinda kama wa mwewe, magamba yake ya mgongoni yamepandana kama makuti ya paa, na pezi lake la mbele lina kucha mbili. Huyu wako ana ukucha mmoja na magamba yaliyolala sawasawa, huyu ni kasa tu. Alisema pia kwamba babu yake alimvua ng'amba kwa ajili ya gamba, na kwamba yeye mwenyewe hajamwona siku nyingi. Watu sita au saba walikwisha kusanyika, kila mmoja akiongeza alilolisikia kwa wakubwa zake, wawili wakibishana juu ya mahali anapotaga. Karatasi ya bayoanuwai ilikuwa mfukoni mwa mwalimu, haikutolewa. Mchoraji alishuka, akahamisha ngazi, akachovya brashi katika rangi nyeupe na kufuta neno; kisha akamwomba mzee amwonyeshe, kwa kijiti mchangani, hizo kucha mbili zinakaa wapi.